Hoja haipimwi bila kumjua anayeisikiliza

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lako iliyosifu programu za kompyuta zinazopima hoja ilinifurahisha hadi pale mwandishi alipodai kwamba mashine hizo zitatoa uamuzi uleule popote zitakapowekwa.

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1995 na Phan Minh Dung, mtaalamu wa kompyuta kutoka Vietnam, aliyechora hoja kama nukta na mashambulizi baina yake kama mishale. Hoja isiyoshambuliwa hukubaliwa, inayoshambuliwa na hoja iliyokubaliwa huanguka, na iliyoanguka huinuka tena endapo mshambuliaji wake naye ataangushwa. Mchoro huo hauulizi hoja inasema nini wala inasemwa mbele ya nani, na humo ndimo uzuri na upungufu wake vilimo.

Mwaka jana ukoo wetu ulikaa kikao juu ya shamba la marehemu babu. Kaka alitaka liuzwe ili mama afanyiwe upasuaji. Shangazi akasema shamba lenye makaburi haliuzwi. Hapo pana mishale miwili inayokabiliana, na programu inayofuata mchoro wa Dung itajibu kwamba inafaa ama hii ama ile, isiweze kuchagua. Sisi tulichagua, tena mara mbili. Kikaoni, mbele ya wazee, shangazi alishinda bila jasho. Jioni ileile, kando ya kitanda cha mama, maneno yaleyale yaliporudiwa, kaka ndiye aliyesikilizwa, na shangazi mwenyewe akabaki anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Mwaka 2003 Trevor Bench-Capon, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, alipendekeza kila hoja ifungamanishwe na jambo inalolitetea, kama vile uhai au mali, na kila hadhira iyapange mambo hayo kwa uzito inaouona. Shambulio lisifaulu ikiwa hadhira inalithamini zaidi lile linalotetewa na hoja inayoshambuliwa. Kwa njia hiyo kikao na wodi hupata majibu tofauti, na yote mawili ni halali.

Naomba basi mwandishi wako atueleze: programu alizozisifu zimepewa mpangilio wa hadhira ipi, na ni nani aliyeupanga?

Msomaji wako,
Tanga