Ufungaji wa kitabu uamuliwe kabla ya kuchapa

Mhariri,

Mimi ni mjalidi, fundi wa kufunga vitabu. Wateja wengi huniletea kurasa zikiwa zimeshachapwa, ndipo waniulize zifungwe vipi. Hapo tumechelewa.

Kijitabu cha pini mbili za katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Mwenye 30 ataongeza 2 tupu au apunguze 2. Kikizidi kurasa 60 hivi, karatasi za ndani husukumwa nje, na kingo zikikatwa, karatasi hizo hubaki na upana mdogo kuliko za nje. Gundi ya moto inapendeza na mgongo unabeba jina, lakini maneno yaliyosogea karibu na mgongo humezwa, na msomaji akikilaza kitabu kwa nguvu ili kibaki wazi, kurasa huchomoka. Kwa nini basi kitabu cha mapishi au cha nyimbo za kwaya kifungwe hivyo? Kipeni springi, hata kama rafuni hakitambuliki.

Kamusi na vitabu vya maktaba ni vya kushonwa kwa uzi. Ni kazi ya taratibu, nami ndiyo niipendayo, kwa hiyo mniwie radhi nikiipigia debe.

La mwisho: nyuzinyuzi za karatasi zielekee sambamba na mgongo. Zikiukatiza, kitabu hukakamaa na hakifunguki vizuri, hata gundi iwe bora namna gani.

Mjalidi mkongwe