Malalamiko: binti yangu kunyimwa kibali cha dawa mara mbili

Kwa Meneja, Idara ya Madai,

YAH: KUKATALIWA KWA KIBALI CHA ANAKINRA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mara mbili ofisi yenu ya bima imemnyima binti yangu wa miaka minne kibali cha dawa ya anakinra kwa maneno yale yale: homa ya uti wa mgongo, ametibiwa, amepona.

Hajapona. Maji ya mgongo yametolewa mara tatu. Kila mara yamejaa chembe nyeupe, na kila mara maabara imeotesha isipate kimelea chochote. Siku kumi na nne za antibayotiki za mshipa hazikushusha hata homa. Ugonjwa wake ni NOMID, wa nadra sana, unaotokana na hitilafu katika jeni ya NLRP3. Kinga ya mwili wake mwenyewe humwaga intalukini-1, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, kupita kiasi, na utando wa ubongo hauishi kuvimba. Alizaliwa na vipele kama aliyeguswa na upupu. Tukaambiwa ni joto la Dar es Salaam.

Mmeandika pia kwamba anakinra, inayozuia hiyo intalukini-1, ni dawa ya majaribio. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wa NOMID walioitumia: wote walipata nafuu haraka, vipele vikatoweka. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya huko ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu huu. Ni sindano ya kila siku, na bei yake naijua, maana niliuza kiwanja kununua ya mwezi mmoja. Mwezi ule mwanangu aliamka asubuhi bila kutapika. Alikimbia uani hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Dawa ilipokwisha, homa ilirudi siku ya tatu.

Ninachohofia zaidi ni masikio. Uvimbe huu hula usikivu, na kinachopotea mara nyingi hakirudi. Sikio la kushoto limeshaanza. Nikimwita kwa upande huo hageuki. Ombi langu la pili lilikaa mezani kwenu siku 41.

Naomba faili lake lisomwe na daktari bingwa wa watoto anayeyajua magonjwa ya kinga, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. Nisipojibiwa, nitalipeleka shauri hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nimeambatanisha majibu ya jeni, ya maji ya mgongo na kipimo cha usikivu.

Mama mzazi wa mgonjwa