Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro

YAH: MAJIBU YA HOMA YA INI B

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana nilichangia damu. Wiki chache baadaye nikaitwa, nikapewa kikaratasi kidogo: HBsAg, yaani kipimo cha kirusi cha homa ya ini B, na pembeni alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu. "Una homa ya ini, usichangie tena damu." Nikauliza nifanyeje. Nikaambiwa nile vizuri.

Simlaumu aliyenihudumia, alikuwa peke yake na foleni imefika mlangoni. Ombi langu ni moja: anayepewa majibu yale asitoke mlangoni kabla hajajua aende wapi, lini, na akapime nini.

Mimi nilitoka sijui kitu. Mtaani mmoja akasema hiyo ndiyo homa ya manjano, mwingine akaniletea majani ya kuchemsha. Siku ya tatu nikakuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganywe na vya wenzangu. Hadi leo sijauliza nani aliufunga. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kirusi cha B hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani. Zinazoenea kwa maji machafu na chakula ni A na E. B hupitia kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Maneno hayo hayamalizi dakika tano, na yangesemwa siku ile uzi ule usingefungwa.

Kikombe ni aibu tu. Linaloniumiza ni watoto. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda kirusi wenyewe. Lakini katika watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, kama 9 hubaki nacho, na baadhi yao ndio tunaokuja kuwazika kwa saratani ya ini wakiwa bado na nguvu za kulea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mwanangu alipozaliwa alipata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Ya homa ya ini aliisubiri hadi wiki ya 6, ndani ya pentavalenti, sindano moja ya kukinga magonjwa matano. Mama yake alipimwa kwa sababu niling'ang'ania, akakutwa salama, naye amemaliza sindano zake 3 za chanjo. Mjamzito asiye na wa kumng'ang'ania je? Naomba kipimo hicho kisikosekane kliniki, kama kile cha VVU.

Kuhusu sisi tuliokwisha kuambukizwa: kipimo hurudiwa baada ya miezi 6 kujua kama kirusi kimebaki, kisha ini huangaliwa kwa kipimo cha damu: vimeng'enya vyake, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Si kila mtu anahitaji dawa. Anayehitaji hupewa tenofovir, dawa ileile iliyomo kwenye kidonge cha wanaoishi na VVU. Ndugu Mganga Mkuu, kama kidonge hicho kinafika hadi vituo vya vijijini, tusaidie na mgonjwa wa ini wa Kibosho au Rombo aipate tenofovir karibu na kwake, bila kuuza mbuzi.

Mimi bado natumia kikombe kile. Uzi niliukata mwenyewe.

Wako,
Mchuuzi wa mboga, Soko la Mbuyuni, Moshi