Barua ya malalamiko: RX 580 mliyoniuzia si RX 580, wala si mpya

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI KUREJESHEWA FEDHA ZA KADI YA MICHORO NA PAWA SAPLAI

Ninawaandikia kutoka Arua. Ni mteja wenu wa siku nyingi, ingawa hapo dukani mnanifahamu zaidi kwa namba ya simu kuliko kwa sura. Kazi yangu ni ualimu. Kompyuta za mezani ni mapenzi yangu ya jioni: nanunua kipande kimoja kimoja, nakipima, naunganisha, na mashine ikishatulia inakwenda kwa mpwa, kwa jirani au kwenye shule yetu. Sipati faida humo, na sijawahi kuitafuta. Kwa hiyo mkinipa kipande kibovu hamharibu biashara ya mtu, mnakula mshahara wa mwalimu.

Safari hii niliagiza vitu vitatu kwa simu: kadi ya michoro (kipande kinachotengeneza picha za skrini) ya AMD, Radeon RX 580 ya GB 8, pawa saplai (kipande kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 600, na SSD, yaani diski ya kuhifadhia data, ya GB 480. Nilimuuliza kijana wenu wa mauzo bila kuzunguka, kadi ni mpya au imetumika? Akanijibu, "Mpya kabisa, mwalimu, iko kwa boksi yake." Kwa jibu hilo nikalipa shilingi 620,000 za kadi peke yake. Iliyotumika ningeipata kwa mafundi wa hapa mjini kwa bei ya chini sana, tena ningeishika mkononi kabla ya kutoa pesa. Risiti yenu ya mkono inasema "RX 580 8GB, mpya". Neno "mpya" mmeliandika ninyi, kwa kalamu yenu.

Nianze na SSD ili nisiwaonee. Nimeijaza yote kwa F3, programu ya kupima kama diski ina ukubwa ulioandikwa, na kuisoma tena mwanzo hadi mwisho, data yote imerudi salama. CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, nayo inaonyesha saa chache mno za matumizi. Ni nzuri, nabaki nayo, na kwa hiyo nashukuru.

Kadi ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Niliposakinisha draiva ya AMD (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), kadi iliwekewa alama ya njano na Kosa 43. Nikampigia fundi wenu. Hakushtuka hata kidogo. Alinitumia kwa WhatsApp kiprogramu kidogo cha kuirekebisha draiva akasema, "Endesha hiyo, zima uwashe, itakubali tu. Hizi zote tunazifanyia hivyo." Ikakubali kweli, na picha ikaja. Lakini ndugu Meneja, mtu anayejua dawa kabla hajaulizwa dalili anaujua ugonjwa. Kosa 43 lina sababu nyingi. Lile linaloondoka kwa kiprogramu hicho lina sababu yake: draiva ya AMD hukagua saini ya bayosi, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya kadi, na ikikuta imechezewa, inakataa kuipokea. Kazi ya kiprogramu ni kuifumba macho draiva isikague.

Na nani huchezea bayosi ya RX 580? Wachimbaji wa sarafu za kidijitali, yaani watu wanaozipata kwa kuzifanyisha kompyuta mahesabu mazito. Walikuwa wakibadilisha mipangilio ya kumbukumbu ya kadi ili ichimbe Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kwa kasi zaidi, kisha wanaiacha ifanye kazi mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, ikiwa imebanwa na wenzake kwenye fremu. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa namna hiyo, na kadi zile zikabaki hazina kazi. Zikamwagwa sokoni dunia nzima. Nyingine ziliuzwa kwa uwazi kama zilizotumika, na nyingine zikasafishwa, zikavalishwa kava na feni mpya, zikatiwa kwenye boksi linalong'aa. Ya kwangu ilipita wapi siwezi kuapa, ila dalili inazo mwilini. Nikiimulika kwa tochi kati ya mapezi ya kipoza joto naona mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za joto na kugandana na vumbi. Meno ya dhahabu yanayoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yana mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa. Nyuma kuna skrubu nne zinazoshikilia kipoza joto; moja mmeifunika kwa kibandiko chenu cha dhamana, kipya kabisa, na hizo tatu zingine vichwa vyake vimeliwa na bisibisi. Sikuifungua. Kibandiko bado kipo na picha yake nimeiambatisha.

Hadi hapo mngeweza kusema mliuziwa hivyo na msambazaji nanyi hamkujua. Sawa. Lakini linalofuata halihitaji tochi wala bisibisi. Linahitaji dakika mbili na GPU-Z, programu isiyolipiwa inayosoma kadi ni ya aina gani.

RX 580 iliyotolewa Aprili 2017 ina viini 2304 vya kuchakata. Yangu ina 2048. Kitambulisho cha RX 580, yaani namba ya aina ambayo kompyuta huisoma ndani ya kadi, kinaishia na 67DF. Cha kadi yangu ni 6FDF. Hii ni RX 580 2048SP, toleo ambalo AMD ililitoa kwa soko la China mnamo Oktoba 2018, na idadi hiyo ya viini ni ileile ya RX 570, ndugu yake mdogo. Si kadi mbaya kwa bei yake. Kuna watu wanaitafuta kwa jina lake na wanaridhika nayo. Ila jina lake ni hilo, na bei yake si hiyo niliyolipa. Boksi lenu limeandikwa RX 580 kwa herufi kubwa, na zile herufi "2048SP" sikuziona popote, si kwenye boksi, si kwenye kadi, si kwenye risiti.

Nilipowaeleza haya kwa simu nilipata majibu ambayo lazima niyajibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu kila mtu alikuwa ananipasia kwa mwingine.

Kwanza nikaambiwa kadi ilijaribiwa dukani kabla ya kutumwa, na iliwaka. Naamini iliwaka. Hata hapa inawaka. Lakini kuwaka kwa dakika tano kwenye skrini ya mwanzo ya Windows hakuonyeshi chochote kuhusu kadi ya michoro, kwa sababu wakati huo karibu haifanyi kazi. Mimi niliiweka kwenye FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, joto likapita nyuzi 85 huku feni moja ikigonga kama ina changarawe, kisha mchezo wowote mzito nikiuwasha skrini inajaa vijiraba vya rangi. Jaribio la kumbukumbu la OCCT, programu nyingine ya kupimia, likatoa makosa mfululizo. Ili nisije nikasingizia kadi kwa kosa la kifaa kingine, niliihamishia kwenye mashine ya pili, yenye mazabodi nyingine na pawa saplai nyingine ninayoiamini, na matokeo hayakubadilika. Hiyo ndiyo naita kupima. Mkiwa na kompyuta moja hapo kaunta, GPU-Z na nusu saa ya mzigo mzito, mteja wa mbali kama mimi asingehitaji kuwa fundi ili asiibiwe.

Jibu la pili lilikuwa "umeme wa huko kwenu Arua". Hili liliniudhi, sitaficha. Ni kweli tuliobahatika kuishi West Nile tumeonja umeme wa kila aina, na kwa sababu hiyohiyo hakuna kompyuta yangu inayogusa ukuta bila kupitia stabilaiza na UPS, vifaa vya kutuliza umeme na kuuhifadhi unapokatika. Lakini tuseme hata umeme ulipanda. Umeme unaweza kuunguza kadi. Hauwezi kuipunguzia viini 256 na kuibadilishia kitambulisho. Wala basi la usiku halikuvitikisa vikadondoka njiani kati ya Karuma na Pakwach.

Jibu la tatu ni maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya Uganda, ya mwaka 2017, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mimi sikuiona kadi kabla ya kununua. Nilinunua maelezo: RX 580, GB 8, mpya. Katika hayo matatu, lililo kweli ni GB 8.

Pale soko la Owino watu wanauza mitumba mchana kweupe na hakuna anayeona haya. Unakagua kola, unakagua zipu, mnakubaliana bei ya mtumba, mnaachana kwa amani. Nami ningenunua kadi iliyotumika kwenu kwa moyo mmoja kama mngeniambia imetumika na mkanipa bei yake.

Pawa saplai nitaisema kwa kifupi. Ubavuni imeandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa. Kwenye kijedwali kidogo cha pembeni njia ya volti 12 imepewa ampea 22, yaani wati 264. Prosesa na kadi ya michoro, walaji wakubwa wa mashine, hula kwenye njia hiyo. RX 580 halisi peke yake imepangiwa wati 185 na prosesa yangu 65. Jumla 250, na bado sijahesabu feni. Kijana wenu alijua nanunua vyote viwili kwa mashine moja, na ndiye aliyenichagulia. Nilipoipa mzigo na kuweka multimita (kipima volti) kwenye waya wa njano, ambao ndio wa njia ya volti 12, nilisoma volti 11.1. Kiwango cha ATX, kanuni za pawa saplai za kompyuta za mezani, kwa miaka mingi kimeruhusu kushuka kwa asilimia 5, yaani hadi 11.4. Niliizima papo hapo. Pawa saplai ya namna hii ikifa mara nyingi haifi peke yake, na mazabodi yangu haina kosa.

Lipo pia suala la risiti. Niliomba ya EFRIS, yaani ya mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, nikaambiwa nikiitaka bei itapanda kwa asilimia 18. Kama mmesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), risiti hiyo ni wajibu wenu na kodi yake haiongezwi juu ya bei baada ya mteja kuuliza. Sijaandika barua hii kwa ajili hiyo, lakini nalitaja kwa sababu ukosefu wa risiti hiyo ndio unaowapa vijana wenu ujasiri wa kuniuliza kwenye simu, "Una uhakika ulinunua kwetu?" Nina uhakika. Ujumbe wa malipo ya simu una jina la biashara yenu na kiasi.

Ninachodai ni hiki. Mnirejeshee shilingi 620,000 za kadi na 130,000 za pawa saplai, pamoja na 15,000 nilizolipa kuletewa kifurushi: jumla 765,000. Gharama ya kurudisha mzigo iwe yenu. Meneja msaidizi alipendekeza anibadilishie kadi kwa nyingine "ya boksi hilohilo". Nakataa. Kadi ya boksi hilohilo itakuwa na viini 2048 vilevile. Mkiwa na RX 580 ya viini 2304, hata kama imetumika, nitumieni kwanza picha ya GPU-Z ikiwa na namba ya kadi inayoonekana, pamoja na bei yake ya kutumika, tutazungumza. Vinginevyo nataka fedha.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya nitalipeleka dai mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ule wa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambako mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Ningependelea tusifike huko. Nauli ya kuja Kampala inaumiza, na nyinyi nadhani mna wateja wa kuhudumia.

Vifaa vyote viwili nimevifunga kwenye maboksi yake vikiwa na kila kilichokuja navyo, pamoja na kibandiko chenu ambacho hakijaguswa. Fedha zikiingia kwenye namba ileile niliyolipia, nitavipakia kwenye basi la usiku huohuo na kuwatumia namba ya kifurushi. Mkipenda kumtuma mtu wenu aje avikague kwanza, karibuni. Mashine ya kupimia ipo mezani na nitaiwasha mbele yake.

Nimeambatisha nakala ya risiti, ujumbe wa malipo, picha za skrubu na kibandiko, picha za skrini za GPU-Z na OCCT, na mazungumzo ya WhatsApp na fundi wenu kuhusu kile kiprogramu.

Wenu,

Mteja wenu wa Arua
(jina, saini na namba ya simu viko kwenye nakala ya risiti)