Matangazo ya magonjwa ya zinaa yazungumzie pia yasiyoonekana

Bwana Mhariri,

Kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, katika kituo cha afya ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kumebandikwa bango lenye picha za sehemu za siri zilizojaa vidonda na usaha, na chini yake onyo la herufi kubwa linalowataka vijana wajilinde na magonjwa ya zinaa. Akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito huketi wakiligeuzia mgongo. Vijana wa kiume, hasa motari (waendesha pikipiki za abiria), hulisogelea, huchunguza picha moja baada ya nyingine, kisha hurudi kuketi wakiwa wametulia, kwa kuwa hawakuona pale kitu kinachofanana na walicho nacho mwilini. Mmoja wao aliniambia: "Mama, mimi niko mzima, haya mambo yenu sina." Alikuwa ameitwa kwa sababu mke wake, mwenye mimba ya miezi mitano, alipimwa akakutwa na kaswende, naye tulipomchoma kidole, kipimo kilitoa jibu lilelile.

Nimesikia wito kwamba kampeni za kuhamasisha watu kuhusu magonjwa haya ziongezwe katika mji wetu wa Bukavu, na sina ugomvi na wingi wake. Shida yangu ni kwamba kampeni tulizo nazo zinawafundisha watu kuutambua ugonjwa kwa macho, wakati sehemu kubwa ya magonjwa haya haionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee yalitokea maambukizo mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomona miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, na shirika hilohilo linaeleza kuwa mengi ya maambukizo ya zinaa hayana dalili yoyote au yana dalili hafifu tu. Magonjwa hayo manne yote yanatibika yakaisha. Bango letu halisemi la kwanza wala la pili.

Tuchukue kaswende, ambayo inadanganya kuliko yote. Kwa kawaida, wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, hutokea kidonda kimoja kigumu kisichouma, ambacho kwa mwanamke mara nyingi kinakuwa ndani, mahali asipoweza kukiona. Kidonda hicho hupona chenyewe katika muda wa wiki tatu hadi sita, hata kama mgonjwa hakunywa chochote. Baadaye huweza kuja vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo vikaondoka bila dawa. Halafu hufuata kimya kinachoweza kudumu miaka mingi, huku vijidudu vikiwa bado mwilini, vikiwa na uwezo wa kufika kwenye moyo na ubongo, na kwa mjamzito vikiweza kupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye huenda akazaliwa amekufa. Sasa mtu aliyeona kidonda kile amekwenda kununua vidonge vinne vya rangi mbili katika farmasi ya mtaani, au amekunywa chupa ya mizizi aliyopewa na mganga, na kidonda kimekauka. Nani atamshawishi kwamba hakikukaushwa na ile chupa? Kila kaswende isiyotibiwa inampa mganga sifa ambayo hakuifanyia kazi, na sijawahi kusikia tangazo hata moja linaloeleza jambo hili, ingawa halihitaji zaidi ya sentensi mbili.

Na huyo muuza dawa anajua kuzungumza na watu. Nendeni sokoni Kadutu asubuhi mkamsikilize mwenye megafoni: anataja ugonjwa, anataja dawa, bei yake kwa faranga, siku za kuinywa, na mahali atakapopatikana kesho. Tangazo letu la redio linaanza kwa muziki wa kutisha, linasema kwamba sida (UKIMWI) na magonjwa ya zinaa yanaua, linawahimiza watu kuwa waaminifu, kisha linawashukuru wafadhili. Nasema bila kupenda kwamba, kwa upande wa mawasiliano, mwenye megafoni anatushinda. Anachokosa ni dawa yenyewe, na hiyo sisi tunaijua: ni sindano ya penisilini ya benzathini, iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1950, ambayo aliye katika hatua za mwanzo huchomwa mara moja, na aliyekaa na ugonjwa muda mrefu huchomwa mara tatu kwa kupishanisha wiki. Kwa mjamzito ndiyo dawa inayoaminika kumlinda mtoto aliye tumboni. Kuna pia kipimo cha haraka kinachochunguza virusi vya sida na kaswende kwa pamoja, kwa damu kidogo ya kidoleni, na jibu lake halizidi dakika 20 hivi. Ni wangapi katika mji huu wanaojua kwamba kipimo hicho kipo?

Jambo jingine ambalo bango haligusi ni mwenzi. Mama akikutwa na ugonjwa tunamchoma sindano, kisha tunampa karatasi ndogo ya kumwita mume wake. Huikunja mara nne, huifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na faranga za usafiri, na mara nyingi kliniki inayofuata huifungua ncha hiyohiyo na karatasi ingali mlemle. "Nikimpa hii ataniuliza nimeitoa wapi, na usiku huo nitalala nje." Siwezi kumlaumu. Redio imemzoesha mume wake kwa miaka mingi kuamini kwamba magonjwa haya ni ya malaya na ya wasafiri, kwa hiyo karatasi ile ikifika nyumbani inafika kama mashtaka, na anayeipeleka anakuwa mshtakiwa wa kwanza, hata kama ni yeye aliyeambukizwa. Mume asipotibiwa, kazi yetu yote inaharibika usiku watakapolala pamoja. Lau lingekuwapo tangazo linalomwambia mume, kwa sauti ya mwanamume mwenzake, kwamba kaswende inaweza kuwa imekaa kimya mwilini tangu kabla ya ndoa, na kwamba kipimo hakisemi nani aliyeileta nyumbani, naamini wanawake wengi zaidi wangethubutu kuikunjua karatasi hiyo.

Kuhusu kisonono, ambacho wengi hapa tunakiita sopisi, sitasema mengi. Kwa mwanamume hujitangaza chenyewe kwa usaha na maumivu ya kukojoa, lakini kwa mwanamke mara nyingi hunyamaza. Klamidia nayo hunyamaza kwa wengi, wanaume kwa wanawake. Yote mawili yakiachwa huweza kuziba mirija ya uzazi, na katika familia zetu mwanamke asiyezaa hupelekwa kwenye chumba cha maombi kabla hajapelekwa maabara. Jambo hili lina historia ndefu nchini: uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa kati ya 1955 na 1957, zama za Wabelgiji, ulikuta katika sehemu za Equateur na Uele, kaskazini mwa nchi, wanawake wengi mno waliofikia mwisho wa umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja, na wataalamu wakayataja magonjwa ya zinaa kuwa sababu kubwa.

Mlipuko wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na vidonda mwilini, ulipaswa kutufungua midomo. Aina mpya ya virusi hivyo, inayoitwa Ib, iligunduliwa kutokana na mlipuko ulioanza Septemba 2023 huko Kamituga, katika eneo la Mwenga la mkoa wetu wenyewe wa Kivu Kusini, na watafiti walionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wa mji ule wa dhahabu ilisambaa hasa kwa kujamiiana, wagonjwa wengi wakiwa na vidonda sehemu za siri. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Hata hivyo, matangazo niliyoyasikia mimi hapa mjini miezi ile yalikazia sana kunawa mikono na kutopeana mikono, mambo ambayo ni mazuri, lakini kwenye suala la kulala pamoja yalipita mbiombio. Aliyekuwa na kidonda mahali pa siri alidhani ni sopisi, akaenda kimyakimya kununua vidonge.

Najua watakaosema kwamba kuyataja haya waziwazi ni kuwafundisha vijana uasherati. Viongozi wa dini wana haki ya kuhimiza uaminifu, na makanisa ndiyo yanayoendesha sehemu kubwa ya vituo vya afya vya mkoa huu, kwa hiyo wauguzi wao wanayajua haya ninayoyaandika. Ila mama aliyefunga ndoa kanisani, ambaye hajapata kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mume wake, na ambaye leo ana kaswende, tangazo la uaminifu halina la kumwambia. Yeye anahitaji kujua aende wapi kesho asubuhi.

Ninawaomba basi wanaoandaa matangazo, kabla hawajalipia dakika za redio, wayasikilizishe kwanza kwa motari watano na mama watano wa sokoni, kisha wawaulize wameelewa wafanye nini. Kwa upande wenu, Bwana Mhariri, ningeomba mtenge pembe moja ya ukurasa kila mwezi ya kuchapisha kituo gani katika Kadutu, Ibanda na Bagira kina kipimo cha kaswende, siku gani, kwa bei gani, na kama penisilini imekwisha, mwandike kwamba imekwisha. Wakuu wa vituo wasipowapa taarifa hizo, chapisheni kwamba mliziomba.

Wenu,
Muuguzi, Kadutu, Bukavu