Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha kusoma

Wanangu wapendwa,

Nimesikia mmegawanyika juu ya Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley kuhusu Victor, kijana msomi wa sayansi aliyeunda kiumbe hai kisha akakikimbia. Wengine mnamlilia Victor, wengine kiumbe chake, na wawili wenu hata salamu hawapeani. Nimefundisha fasihi miaka mingi, nami nina upande wangu.

Namwonea huruma kiumbe. Rudini kwenye usiku ule wa Novemba, mjini Ingolstadt, Ujerumani. Karibu miaka miwili ya kazi imekwisha, jicho la manjano linafunguka, naye Victor anakimbilia chumbani kulala. Anapozinduka, kiumbe kimeshika pazia la kitanda, kinamkodolea macho, mdomo unahangaika kutamka neno, mkono mmoja umenyooshwa. Mimi kila nikiufikia mkono ule naona mtoto anayetaka kubebwa. Victor akashuka ngazi mbio. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu hakulelewa hata siku moja.

Mary Shelley alianza kuiandika riwaya hii mwaka 1816, akiwa na miaka 18. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amempoteza binti yake mchanga, kisha akaandika katika shajara kwamba ameota mtoto yule alikuwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akawa hai. Someni tena ukurasa wa pazia mkiijua ndoto hiyo.

Mnaomtetea Victor mnasema alifiwa na mdogo wake, rafiki yake, mkewe. Kweli, msiba ni msiba. Lakini Justine je? Binti huyu, mtumishi wa nyumbani kwao, anashtakiwa kumuua William, yule mdogo wake Victor, kwa sababu picha ndogo aliyoivaa mtoto kifuani imekutwa mfukoni mwa Justine. Victor anaamini anamjua muuaji: kiumbe chake. Anakaa kimya, akiogopa kuonekana mwendawazimu, na Justine ananyongwa. Huruma yangu kwa Victor huishia hapo.

Nanyi wa upande wangu, msifurahi upesi. Nani aliitia picha ile katika nguo ya Justine? Kiumbe chenyewe, kilipomkuta amelala ghalani. Kilikuwa kimepigwa fimbo na Felix, kijana wa familia kilichotaka kufanya nayo urafiki, kimepigwa risasi baada ya kumwokoa msichana mtoni, hayo yote nayajua na yananiuma. Ila Justine hakuwahi kukitendea lolote. Kilimwinamia, kikaona uzuri wake, kikawaza kwamba hatakitabasamia kamwe, basi kikaamua alipie yeye. Kukihurumia si kukifutia hilo.

Katika mabishano yenu yote niliyosimuliwa, jina la Justine halikutajwa hata mara moja. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mkikutana tena, wekeni kando Victor na kiumbe chake, msome kwa sauti sura ya kesi ya Justine, kuanzia anapoingia mahakamani amevaa nguo za msiba. Na wale wawili wasiosalimiana wakae benchi moja, wapokezane kitabu.

Mzee wenu