Kuta nene za Mji Mkongwe na intaneti ya nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakaazi wenzangu wa Mji Mkongwe, Unguja, jambo lililonipotezea fedha. Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene unaokaribia nusu mita, na ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani kwa mawimbi, ilifungwa sebuleni chini; mawimbi hayakufika juu, hata binti yangu akawa anafanyia kazi zake za chuo kwenye ngazi, kompyuta mapajani.

Fundi aliniuzia kifaa cha kurudia mawimbi, nikakiweka chumba cha juu. Kumbe kifaa hicho hurusha upya kile tu kinachokipokea, tena aghalabu kwa kasi pungufu, na huko juu hapakuwa na cha kupokea. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 5, yanayosifiwa kwa kasi, nayo hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya 2.4.

Kilichotufaa ni waya wa mtandao, unaoweza kufika mita 100, tulioupitisha kwenye uwazi wa ngazi hadi ruta ya pili ghorofa ya juu, bila kutoboa ukuta hata mmoja. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na tundu la drili likizibwa kwa saruji hufungia unyevu ndani ya chokaa.

Naziomba kampuni za intaneti zikague nyumba kwanza, ndipo zifunge ruta.

Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja